Mto Tana na Miji Iliyofichwa na Sinema: Ziara ya Kifasihi Kutoka Idsowe Hadi Kipini

Utangulizi

Ziara za kwenda kuona miji ya kale iliyochipuza filamu na michezo ya kompyuta zimekuwa biashara kubwa duniani. Watu husafiri hadi Petra, nchini Jordan, kwa sababu walimwona Indiana Jones katika filamu ya mwaka 1989 akipita korongo jembamba na kutokea mbele ya jengo lililochongwa katika mwamba. Wengine hufika Dubrovnik, nchini Kroatia, wakiuliza zilipo ngazi walizoziona katika Game of Thrones, tamthilia ya televisheni iliyorushwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2019; kwamba mji huo ulikuwa jamhuri ya wafanyabiashara kwa karne nyingi si jambo linalowashughulisha sana. Vijana waliocheza Assassin's Creed hutembea Florence na Venice wakitazama juu, kwenye mapaa waliyoyaruka kwa vidole vyao.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaposikia habari hizi huenda akadhani kwamba hazimhusu. Upwa wa Afrika Mashariki una miji ya kale kwa makumi, lakini ni nadra kuwaona watu wakija kuitembelea kwa sababu ya sinema. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba dhana hiyo ina walakini. Mojawapo ya hadithi zilizozaa filamu za vituko na safari, zile za shujaa mwenye bunduki anayetafuta mji uliopotea Afrika, ilianzia Lamu na kupanda Mto Tana. Yaani ilipita katika maji yaleyale yanayopita leo kando ya kijiji cha Idsowe, karibu na Garsen. Kinachostahili kuchunguzwa ni namna hadithi hiyo ilivyoupita mlango wa mto wenye miji ya kweli, ikaenda kubuni mji wa uongo barani, na jinsi kamera zilivyoufuata ule wa uongo.

Riwaya iliyopanda mto

Mwandishi anayehusika ni Mwingereza H. Rider Haggard. Riwaya yake ya kwanza iliyovuma, King Solomon's Mines, ilitoka mwaka 1885. Ya pili kumhusu mwindaji yuleyule, Allan Quatermain, ilichapishwa mwaka 1887. Wengi waijuao ile ya kwanza hawajui kwamba hii ya pili haianzii Afrika Kusini. Inaanzia Lamu. Quatermain na wenzake wawili wanafika katika mji huo wa kisiwani, wanamkuta huko Umslopogaas, shujaa wa Kizulu mwenye shoka, wanaajiri askari na wapagazi, kisha wanaingia Mto Tana kwa mitumbwi. Wanapanda mto hadi kituo cha mmisionari mmoja wa Kiskoti, wanapambana na Wamaasai waliomteka binti wa mmisionari huyo, halafu wanaendelea hadi wanapomezwa na mto upitao chini ya ardhi. Mto huo unawatoa katika nchi iitwayo Zu-Vendis, yenye mji mkubwa wa mawe, ngazi za ajabu na malkia wawili. Wenyeji wa nchi hiyo ni weupe.

Haggard alikuwa amewahi kuishi Afrika Kusini, lakini alipoiandika riwaya hii hakuwa ameuona Mto Tana. Habari alizipata kwa njia mbili, na zote mbili alizitaja mwenyewe kitabuni. Njia ya kwanza ni kitabu cha msafiri Joseph Thomson kuhusu nchi ya Wamaasai. Ya pili ni ndugu yake wa damu, John Haggard, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Lamu katika miaka ya 1880. Hivyo kilichokuwa barua na mazungumzo ya kindugu kuhusu Lamu na Tana kikageuka kuwa mandhari ya riwaya iliyosomwa Ulaya na Marekani.

Kuna sadfa moja ambayo msomaji wa leo hawezi kuipita bila kusita. Baada ya Haggard kukwisha kuiandika sura ya mapambano na Wamaasai, lakini kabla kitabu hakijatoka, wamisionari wawili, John Houghton na mkewe, waliuawa na Wamaasai mwaka 1886 katika kituo cha Kimethodisti cha Golbanti, kando ya Mto Tana. Haggard aliongeza tanbihi kitabuni kueleza kwamba jambo alilolibuni lilikuwa limetokea kweli katika mto uleule. Golbanti ipo mpaka leo, katika eneo hilihili la Garsen. Msafiri akiwa Idsowe na kutaka kuona mahali ambapo riwaya na historia ziligongana uso kwa uso, hana haja ya kwenda mbali.

Isisahaulike kwamba wasomaji wa Kiswahili nao walipewa kitabu hiki. Frederick Johnson, mtu aliyekuwa mstari wa mbele katika Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ndiye aliyeifasiri King Solomon's Mines kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hadithi ya Allan Quatermain nayo ilifasiriwa katika miaka ya 1930. Kwa hiyo kizazi kizima cha wanafunzi wa shule za wakoloni kilijifunza Kiswahili sanifu kwa kusoma juu ya Lamu iliyoelezwa hasa kwa uchafu na harufu yake, na juu ya Mto Tana ulioelezwa kama mlango wa kupitia tu, njia ya kuelekea kwenye maajabu ya wengine. Wapokomo, ambao ndio wenye mto, wanaonekana kwa nadra, kama kivuli ukingoni.

Kutoka kitabuni hadithi ikahamia kwenye sinema. King Solomon's Mines iliigizwa mara kadhaa: mwaka 1937, ambapo Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, alicheza Umbopa, mwaka 1950, katika filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa Afrika Mashariki na kupata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha, na mwaka 1985, Richard Chamberlain akiwa Quatermain. Chamberlain alirudi tena katika Allan Quatermain and the Lost City of Gold, iliyotokana na ile riwaya ya Tana, na ambayo ilipigwa Zimbabwe. Mwaka 2003 Sean Connery alimwigiza Quatermain mzee katika The League of Extraordinary Gentlemen. Filamu hiyo inamkuta akiishi mahali panapoitwa Kenya mwaka 1899, ingawa nchi hii haikupewa rasmi jina hilo hadi mwaka 1920. Indiana Jones mwenyewe, yule wa Petra, mara nyingi hutajwa na wahakiki kuwa mjukuu wa Quatermain kwa kofia na kwa tabia.

Palikuwa na msafiri mwingine wa Tana aliyeingia katika sinema, naye hakuwa wa kubuni. Mjerumani Carl Peters alianza safari yake Witu mwaka 1889, akapanda mto huu kwa kisingizio cha kwenda kumwokoa Emin Pasha. Njiani alipigana na Waoromo na kiongozi wao akauawa. Mwaka 1941 serikali ya Hitler iliruhusu filamu ya kumtukuza, Hans Albers akicheza nafasi ya Peters. Mto mmoja, basi, umetoa mashujaa wawili wa filamu, na wote wawili ni wageni waliokuja na bunduki.

Mji uliopotea ulikuwa mlangoni

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Haggard alipowapitisha mashujaa wake kwenye mlango wa Tana, aliwapitisha karibu kabisa na miji iliyopotea kwa maana halisi ya neno hilo. Katika eneo la Kipini na vitongoji vyake kuna magofu ya Ungwana, Mwana na Shaka. Mkubwa miongoni mwao ni Ungwana: mji uliozungushiwa ukuta, wenye misikiti kadhaa na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Msikiti wake wa Ijumaa una sehemu mbili zilizojengwa ubavu kwa ubavu katika vipindi tofauti, kana kwamba watu waliongezeka hadi nyumba ya ibada ikawa haiwatoshi. Inaaminika kwamba ndio mji ambao Wareno waliuita Hoja, na ambao Tristão da Cunha aliushambulia mwaka 1507 alipokuwa njiani kuelekea Barawa. Katika karne ya 17 mji ulihamwa, na msitu ukaumeza.

Mwanaakiolojia wa kwanza kuufukua kwa utaratibu alikuwa James Kirkman, yuleyule aliyefukua Gedi. Kitabu chake kuhusu Ungwana kilitoka mwaka 1966. Kirkman alifanya kazi kubwa, lakini alikuwa mtu wa zama zake. Kwake majengo ya mawe ya pwani yalikuwa kimsingi kazi ya Waarabu waliolowea, na Waafrika walikuwa pembeni. Katika miaka ya 1980 George Abungu, Mkenya aliyesomea Cambridge, alirudi Ungwana na katika bonde la Tana akiwa na swali jingine: mji huu ulikuwa na uhusiano gani na watu wa mtoni? Alichimba chini ya tabaka za mawe na kukuta kwamba makazi yalianza mapema zaidi, katika karne ya 10, na kwamba mji uliishi kwa kubadilishana bidhaa na wakazi wa bara kwa njia ya mto.

Matokeo hayo yanakubaliana na ya wengine. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo iliyoanzia karne ya 8. Vyungu vya wakazi hao wa mwanzo vilikuwa vya mtindo mmoja uliopatikana kutoka Lamu hadi Msumbiji na Ngazija. Baadhi ya wataalamu waliuita mtindo huo kwa jina la mto huu: mapokeo ya Tana. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipendelea jina jingine linaloeleza nakshi zake za pembetatu, na mjadala wa majina ukawa mkali kuliko ulivyostahili. La muhimu kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba walipohitaji jina la ushahidi wa kale zaidi wa utamaduni wa Waswahili, wasomi hao walilitafuta hapa mtoni. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2023 umeongeza kwamba katika miji ya pwani nasaba za Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, zilichanganyika na za Kiajemi kwa upande wa baba tangu takriban mwaka 1000. Mchanganyiko ulikuwepo, wala hakuna haja ya kuukana. Lakini vyungu vilikuwa tayari vinapikiwa kabla ya wageni hao.

Kwa nini basi Haggard hakuyaona magofu hayo? Jibu jepesi ni kwamba hakufika. Jibu zito zaidi ni kwamba hata angefika, fikra za wakati wake zisingemruhusu kuyaona kama mji wa Waafrika. Kila jengo la mawe lililopatikana katika bara hili lilitafutiwa mwenyewe kutoka ng'ambo: Wafoinike, Malkia wa Sheba, au kabila jeupe lililosahaulika. Great Zimbabwe ilitendewa hivyo hata baada ya Gertrude Caton-Thompson kuthibitisha mwaka 1929 kwamba ilijengwa na Waafrika. Zu-Vendis ni ndoto ya namna hiyohiyo. Na lipo jambo la kuchekesha, kama si la kuhuzunisha: filamu ya mji wa dhahabu wa watu weupe ilikwenda kupigwa Zimbabwe, nchi iliyochukua jina lake kutoka kwenye mji wa mawe uliojengwa na weusi.

Sinema za miaka ya karibuni zimejaribu kusahihisha. Black Panther ya mwaka 2018 ilichukua fikra ileile ya mji uliojificha Afrika na kuwarudishia Waafrika mji wenyewe. Hata hivyo Wakanda haipo popote, sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Atlanta, na lugha ya Kiafrika iliyochaguliwa ilikuwa Kixhosa. Kiswahili kilikuwa kimetangulia Hollywood kwa mlango mwingine, mwaka 1994, kikiwa katika vinywa vya wanyama wa The Lion King. Mtu wa Tana akisikia jina Simba huenda akamkumbuka kwanza Ahmad Simba, Sultani wa Witu, aliyeukimbiza ufalme wa Wanabahani kutoka Pate hadi msituni na kusimama dhidi ya Zanzibar. Hakuna studio iliyowahi kumfikiria.

Shujaa anayesubiri kamera

Mtu akiuliza ni hadithi gani ya hapa ingefaa kuwa filamu, jibu liko mdomoni mwa kila aliyesoma fasihi simulizi: Fumo Liyongo. Lakini utenzi huo umesomwa madarasani kwa namna iliyoukausha. Wanafunzi huulizwa sifa za shujaa, dhima ya utenzi na tamathali za usemi. Ni wachache wanaoulizwa mahali.

Simulizi za Liyongo zilikuwa zimesambaa pwani yote kabla ya karne ya 20. Edward Steere alizikuta Zanzibar na kuzichapisha mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandikaji wa hati za Kiarabu na mchongaji, aliutunga utenzi unaojulikana zaidi leo. Alice Werner, aliyezunguka Lamu na Tana katika miaka hiyo akikusanya fasihi, ndiye aliyesaidia kuufikisha ng'ambo. M. M. Mulokozi aliuhariri upya katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999, na mwaka 2004 ukatoka mkusanyo wa nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo mwenyewe, uliohaririwa na Gudrun Miehe na wenzake. Emmanuel Mbogo amemweka jukwaani katika tamthilia yake Fumo Liongo. Kuhusu karne aliyoishi wataalamu hawajakubaliana, nao wanapishana kwa mamia ya miaka. Kuhusu eneo lake wanapishana kidogo tu: ni baina ya Pate na mlango wa Tana.

Msomaji aliyezoea filamu za kutoroka gerezani na auchukue utenzi huo kwa jicho hilo. Mfalme wa Pate anamwonea wivu Liyongo na kumfunga. Kila siku kijakazi Saada anamletea chakula kilichotumwa na mama yake, na kila siku walinzi wanakila kilicho kizuri. Liyongo anaimba wimbo ambao walinzi wanausikia bila kuuelewa, lakini Saada anaufikisha kwa mama kama ulivyo. Mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, wanauacha umfikie mfungwa. Kisha inapigwa ngoma ya gungu. Liyongo anatunga na watu wanaitikia, na katika kishindo cha ngoma na mavumo hakuna asikiaye tupa ikikata pingu. Mwongozaji wa filamu angetaka nini zaidi? Kila kitu kimo: sauti, kificho, muda unaokwisha. Tena chombo cha ukombozi ni lugha yenyewe. Shairi ndilo linalopenya ukuta, si bunduki.

Kisha kuna mkoma. Vijana wa Pate wanapanga kumwua Liyongo wakati wa kikoa cha kula makoma: kila mmoja atapanda mti kwa zamu yake, na zamu ya Liyongo itakapofika watampiga mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anachukua upinde na kuangusha vichala vya makoma kwa mishale, akisimama chini. Mwanafunzi wa Nairobi au Eldoret anaweza kusoma tukio hilo mara kumi asijue mkoma ni mti wa namna gani. Katika nyanda za Tana mikoma ipo, mashina yake yakigawanyika mapanda, matunda yakining'inia juu kwa kahawia. Anayeutazama mti huo kutoka chini anaelewa mara moja kwa nini aliye juu hana pa kukimbilia.

Na mwisho wake. Mwana wa Liyongo anahadaiwa kwa ahadi ya cheo na ndoa, anaijua siri ya sindano ya shaba, anamchoma baba yake kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anashika upinde, anakwenda kisimani na kupiga goti, mshale ukiwa tayari kwenye uzi. Anafia pale katika mkao huo. Watu wanaogopa kusogea, siku zinapita, mji unakosa maji kwa sababu ya maiti inayolenga. Joseph Mbele, mtaalamu wa fasihi simulizi kutoka Tanzania aliyeuchunguza utenzi huu kwa kina, amesaidia kuonyesha kwamba ushujaa wa Liyongo una utata ndani yake. Kweli, katika tukio la kisima shujaa anawanyima watu wake maji bila kukusudia. Filamu nzuri ingekaa hapo kwa muda mrefu.

Njia yenyewe

Aendaye kwa gari kutoka Malindi hufuata barabara ya Garsen. Zamani magari yalivushwa mto kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba. Siku hizi kuna daraja, na barabara ya kwenda Lamu imewekwa lami. Kijiji cha Idsowe kiko katika eneo hili, ukingoni mwa Tana. Jina lake peke yake ni somo: sauti ile inayoandikwa kwa ds haimo katika Kiswahili sanifu, na mgeni huitamka ovyo mpaka asikie Mpokomo akiitamka. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kisabaki. Anayesoma isimu historia ya Kiswahili bila kusikiliza Kipokomo anajinyima ushahidi ulio hai. Wengi hawajui hata kwamba mahadhi ya wimbo wa taifa wa Kenya wa mwaka 1963 yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto.

Kutoka hapa mto unashuka kuelekea delta, baina ya mashamba ya mpunga, migomba na miembe. Mkondo wenyewe una historia. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi ya mazao ifike Kipini bila kupita bahari kuu. Maji yakaupenda mfereji, yakaupanua, na mto mkubwa ukahamia huko. Mlango wa Tana wa leo huko Kipini ni kazi ya majembe ya watu kwa kiasi fulani. Mtu akitafuta maajabu ya uhandisi katika nchi ya Quatermain, haya hapa, bila malkia wala dhahabu.

Kipini panaonyeshwa kaburi linalosemwa kuwa la Liyongo. Hakuna anayeweza kuthibitisha aliyezikwa humo. Lakini hata Petra hakuna kikombe kitakatifu, na watu wanakwenda. Magofu ya Ungwana na Shaka hayako mbali na hapo. Hakuna lango la tiketi la kumpokea mgeni wala maelezo ukutani kama yaliyopo Gedi, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, au Lamu, iliyoingizwa mwaka 2001. Delta yenyewe imetambuliwa tangu mwaka 2012 kama ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa, lakini hilo ni kwa ajili ya ndege na samaki. Mawe hayakutajwa.

Wala njia hii si ya kupendeza siku zote. Vijiji vya ukingoni hufurikwa na mto, na mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yaliikata barabara ya Lamu. Tangu mashambulizi ya mwaka 2014 huko Mpeketoni, msafiri mwenye busara huuliza hali ya usalama kabla ya kuvuka kwenda Witu. Mwaka 2012 mapigano baina ya Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji wa mto mmoja, yaliua watu zaidi ya mia moja. Ni vyema kukumbuka hapo kwamba katika utenzi Liyongo alioa mke wa Kigala, jina la zamani la Waoromo ambalo wenyewe hawalipendi, na kwamba mwana aliyeshika sindano alikuwa wa damu zote mbili. Kijumwa hakuufanya mseto huo kuwa aibu. Aliufanya kuwa kiini cha msiba. Anayeufundisha utenzi katika shule ya Garsen ana wanafunzi wa pande zote mbili mbele yake, na beti hizo hazisomeki hapo kama zinavyosomeka Nairobi.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu hupanga safari kila mwaka, na mara nyingi basi huishia Mombasa, Malindi au Gedi. Kuongeza Garsen kunahitaji siku mbili zaidi, mwenyeji wa kuongoza, na barua kwa Makavazi ya Taifa ya Kenya kwa ajili ya magofu. Vifaa si vingi: kinasasauti au simu yenye nafasi, nakala ya utenzi, na subira ya kuketi na wazee wa Ozi na Kipini, ambao wanazo nakala zao za hadithi zisizofanana na ya Kijumwa. Katika baadhi ya masimulizi ya Wapokomo Liyongo si mpendwa wa watu bali bwana aliyetoza kodi nzito. Masimulizi hayo ndiyo ambayo hayajaandikwa vya kutosha, na ndiyo yanayozeeka pamoja na wasimulizi wake.

Huko Garsen, kama katika miji mingine midogo ya Kenya, vibanda vya video vimezoeza watu kutazama filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, kwa mtindo ambao DJ Afro ameupa umaarufu nchini. Msimulizi huwapa wahusika majina mapya, huwachokoza, huwatabiria kifo, huwatetea. Wasomi wengine huidharau sanaa hiyo kwa sababu ya lugha yake isiyo sanifu. Lakini mtambaji aliyewasimulia watu habari za Liyongo kabla ya Kijumwa kushika kalamu hakufanya tofauti sana na hivyo: alichukua kisa ambacho wasikilizaji wanakijua, akakitia sauti yake. Filamu fupi ya kisima, iliyopigwa kwa simu huko Kipini na kusimuliwa na kijana wa Idsowe kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kipokomo, haihitaji studio. Inahitaji mtu wa kupiga goti na kukaa kimya, upinde mkononi, mpaka wachotaji maji waanze kusogea.